Mstari Ulioshuka Safu ya Tatu

Fundi mitambo wa ukumbi wa mihadhara hakuwa na habari na mambo ya watafiti. Wao wakianza kuongea, yeye hukaa nyuma kabisa na kusikilizia vipaza sauti vyake tu. Asubuhi hiyo alikuja mhadhiri mmoja mchangamfu, mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Miwani, kuonyesha kompyuta inayotazama watu kwa kamera na kuandika inachokijua juu yao.

"Haiishii kwenye sura," alisema Miwani. "Inaangalia mkao, inaangalia wanavyotazamana, halafu inaunganisha nani ni nani kwa nani."

Kwenye skrini mistari ikaanza kuchorwa kati ya waliokaa. Mwalimu na mwanafunzi. Mtu na shemeji yake. Wawili waliokuwa wakipendana kwa siri nao wakaunganishwa. Ukumbi ukaangua kicheko, wenyewe wakainamia viatu vyao.

Kisha mstari mmoja ukatoka kwa fundi, ukashuka polepole hadi kwenye kiti kitupu cha safu ya tatu. Juu yake pakaandikwa: *pacha wake*.

"Una pacha, fundi?" Miwani aliuliza akicheka.

"Sina. Nimezaliwa peke yangu."

Miwani akafuta, akaanza upya. Mstari ukarudi palepale. Waliokaa jirani na kile kiti wakahama mmoja mmoja, bila kuambiwa.

Mhadhara ulipoisha, fundi alimpigia mama yake amsimulie kioja hicho, akitarajia wacheke pamoja. Mama alimkatiza kabla hajamaliza.

"Nani kakwambia?"

"Kompyuta, mama."

"Aliishi siku moja tu. Wakubwa wakanikataza hata kumtaja. Nikameza." Akashusha pumzi. "Bado yupo hapo?"

Fundi aliutazama ukumbi. Taa zinawaka, viti vyote vitupu.

"Sijui, mama."

"Usifunge. Nakuja."

Alikuja kavaa nguo zake za kutokea. Miwani, aliyekuwa bado anakusanya vifaa vyake, alitaka kuwasha kamera, mama akamzuia. "Hapana, mwanangu. Imetosha." Akashuka ngazi akijishikiza kwenye viti, akakaa safu ya tatu, akageukia kushoto na kuanza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Wanafunzi wa kipindi cha mchana walimkuta fundi kasimama mlangoni, kauzuia kwa mwili wake wote.

"Subirini," aliwaambia. "Mama anaongea na mtoto wake."