Jiko la Vidonge

Jiko lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kumtia mtu hasira. Ukilikunja linakaa mfukoni pamoja na leso. Ukilikunjua, ni vibati vitatu tu, na katikati unaweka kidonge cheupe kinachowaka. Meneja wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani aliliweka mezani ofisini, akamwita Mpishi aje alione. Mpishi alikuwa amepanda mlima ule miaka kumi na tisa na jiko la mafuta ya taa mgongoni. Akalitazama, akacheka, na kicheko hicho kikamponza.

Meneja akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba msimu ujao kila mgeni atabeba jiko lake na vidonge vyake, achemshe maji yake, achanganye supu yake ya unga, basi. Mpishi wa nini tena? Ila yeye si mtu mbaya, akasema, watalijaribu kwanza. Watapanda wote mpaka kwenye uwazi kati ya vilele viwili, ambako upepo hupiga mchana kutwa. Maji yakikataa kuchemka pale, Mpishi anabaki kazini. Yakichemka, arudi kwake.

Na kwake kulikuwa na mke mwenye figo mbovu, anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa bima ya kampuni. Kazi ikiondoka, bima inaondoka, na mke naye hana safari ndefu. Meneja alilijua hilo vizuri sana. Fomu za bima alizisaini yeye.

Mwongozaji wa msafara alikuwa kaka wa huyo mke. Njia nzima alimganda shemeji yake masikioni: ukifika juu tia mikono mfukoni, kaa kitako, usiseme neno, upepo utatumalizia kazi. Mpishi akaapa kwamba atakaa kama gogo.

Na upepo haukuwaangusha. Wageni walikuwa sita, wakampa kazi mwenzao mmoja, mwalimu mwembamba, naye akaliweka jiko juu ya jiwe refu, utadhani anauza sokoni. Akajaza sufuria mpaka pomoni na kifuniko akakikalia. Kidonge kikawaka, moto ukalala ubavu, ukaenda kupasha hewa. Kikaisha. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto. Wakaweka cha pili, mambo yakawa yale yale. Meneja akaanza kutazama saa na kukuna shingo. Shemeji mtu akageuka pembeni ili asionekane anavyofurahi.

Lakini Mpishi jamani! Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wake. Hakuweza kuona mtu anaharibu moto. Akialikwa harusini hakai kwenye kiti chake, utamkuta uani anawapangia wenzake kuni. Nyumbani alimnyang'anya mkewe mwiko hata siku za uchumba. Sasa anamtazama mwalimu akiwasha kidonge cha tatu, kifuniko bado kiko chini ya makalio, na roho inamuuma kama jino. Akauma mdomo. Akageuza uso. Akaugeuza tena.

Mikono ikatoka mfukoni.

Alimwambia mwalimu apishe. Akashusha jiko kwenye kibonde, akasimamisha mawe bapa pande tatu, akaacha upenyo wa kidole kimoja moto upate kupumua. Akamwaga nusu ya maji, akafunika. Moto ukasimama wima. Baada ya dakika sita kifuniko kikaanza kucheza, wageni wakapiga makofi, na Mpishi akacheka nao, tena kwa moyo mweupe kabisa, mpaka macho yake yalipokutana na ya shemeji yake.

"Umemuua dada yangu," shemeji akamwambia polepole, "kwa sufuria ya maji."

Meneja hakuwa na haraka. Alijimiminia kikombe, akapuliza, akanywa funda moja.

"Tulisema yasipochemka," akasema. "Yamechemka."

Kisha akatoa simu. Alitaka Mpishi arudie tangu mwanzo, taratibu, apate kurekodi, wageni wa msimu ujao waonyeshwe kabla ya kupanda. Uso usionekane, mikono inatosha. Mpishi akauliza kama bima ingeweza kuachwa mpaka mwisho wa mwaka. Aliuliza mara mbili, maana mara ya kwanza upepo ulichukua maneno.

"Tutaangalia," Meneja akasema. "Anza na mawe."

Shemeji akabeba mzigo wake akaanza kuteremka peke yake. Mpishi akabomoa kile kiukuta, akapiga magoti, akaanza upya. Katikati ya kazi alimwomba Meneja asogee kidogo kushoto, kivuli chake kilikuwa kinaangukia sufuria. Safari hii maji yalichemka kwa dakika tano.