Magongo Kumi na Mawili ya Kimo Kimoja

Kiatu cha gongo la saba kilikataa kuchakaa. Fundi alikisugua kwenye ngazi ya saruji mbele ya karakana yake, akakigeuza, akakisugua tena, na ule mpira mweusi ukatoa unga kidogo tu. "Kumbe siku hizi wanauza mpira wa maana," alisema peke yake, akacheka, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Miaka ishirini na sita alikuwa akiwatengenezea watu magongo ya kutembelea, na miaka yote hiyo alikuwa akigombana na kuchakaa. Mpira ukilika upande mmoja, alijua mwenye gongo anaegemea vibaya. Kishikio kikiingia bonde la kidole gumba, alijua mtu huyo ana hofu, anakamata kuliko anavyohitaji. Mtaani walimwita Fundi Kwapa, maana hakuweza kumwamkia mtu bila kumtupia jicho chini ya bega, akimpima. Siku moja alimpima hivyo bibi harusi wa watu, hapo hapo mlangoni pa kanisa, bwana harusi nusura avue koti. Swali lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa lile lile: mgonjwa ana kimo gani? Gongo lisilo na kimo cha mtu, alizoea kusema, ni fimbo ya kufukuzia mbuzi.

Na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Jumatatu ya juma hilo alikuwa amekuja shemasi wa lile kanisa jipya lililohamia kwenye ghala la zamani la magunia. Alisimama mlangoni na tai yake, akikwepa vumbi la mbao.

"Nataka magongo kumi na mawili, fundi. Ijumaa niyapate."

"Wagonjwa wana kimo gani?"

"Kimo chochote tu. Cha kawaida."

"Kawaida ya nani, mtumishi?"

"Wewe nawe! Haya, fanya kimo chako. Tena yasionekane mapya. Yachakaze kidogo, yaonekane yametembea. Ni ya igizo la vijana."

"Igizo lenye wagonjwa kumi na wawili?"

"Ni igizo kubwa," shemasi alisema, na akaaga kabla hajaulizwa lingine.

Fundi akajitia hamnazo. Kazi ilikuwa imelala tangu hospitali ianze kugawa magongo ya chuma, na jiliwa la mezani la kubania mbao lilikuwa limeanza kushika kutu. Hiyo ni sababu, lakini si sababu yote. Kweli ni kwamba alijua. Hakujua kila kitu, ila alijua ya kumtosha, akayafunika kama mtu anavyofunika chungu kilichoungua akitumaini wageni hawatasikia harufu. Akayapima magongo yote kwa kwapa lake mwenyewe. Akayapiga msasa pale kiganja kinaposhika, na mito ya kwapa akaipaka chai nzito iache doa kama la jasho. Alifanya vizuri. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine, kwamba alifanya vizuri, tena kwa bidii.

Gongo la kumi lilimchubua kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kidole hicho kilikuwa na habari yake. Mama yao alipofariki, dada yake mkubwa ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha amri kumi kwa vidole, kuanzia gumba la mkono wa kulia. Ya tisa iliangukia hapo hapo: usimshuhudie mwenzako uongo. Akiisahau, Dada alikuwa akikifinya kidole hicho mpaka aikumbuke. Fundi alikinyonya damu, akaendelea na la kumi na moja.

Dada mwenyewe sasa aliishi chumba cha nyuma ya karakana, uani penye kamba ya nguo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mwenye ulimi mkali na nyonga ya kushoto ambayo madaktari waliichonga miaka minane nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa mfupa. "Mguu huu usiubebeshe mwili peke yake," daktari alimwambia siku ya kumruhusu, "hata hatua moja." Tangu hapo alitembelea gongo alilochongewa na mdogo wake, na mto wa gongo hilo ulishonwa kwa kipande cha gauni la marehemu mama yao. Fundi aliweza kulitambua kwa mlio wake tu, likigonga sakafu upande wa pili wa ukuta.

Jumapili iliyofuata Dada alirudi kutoka ghalani akiimba.

"Wewe kijana!" aliita uani. Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili, lakini kwa Dada hakuwahi kukua. "Njoo nikwambie makuu ya Mungu!"

Alitoka akijipangusa mikono.

"Ukutani, nyuma ya madhabahu, wametundika magongo. Nimeyahesabu, kumi na mawili! Wenyewe wameyaacha pale, wakaenda zao kwa miguu yao. Nabii ametuonyesha mipira ilivyolika. Mengine yana jasho, nakwambia, jasho la miaka!"

Fundi aliiangalia kamba ya nguo.

"Jumapili ijayo naacha na langu," Dada alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Akakaa kwenye kigoda, gongo akalilaza mapajani. "Mjukuu wangu ana miezi mitano sasa. Sijawahi kumbeba kwa mikono miwili nikiwa nimesimama. Naletewa kitandani kama kifurushi, nachukuliwa tena. Nataka nisimame naye, nimpeleke dirishani aone nje. Hicho nacho ni kitu kikubwa?"

"Si kikubwa, Dada."

"Basi niombee."

"Nitakuombea."

Na aliomba kweli. Ila aliomba Mungu amwambie Dada yale yaliyokuwa yamempasa ayaseme yeye.

Jumatatu alisema kesho. Jumanne palikuwa na mvua, akasema mvua ikatike kwanza, kana kwamba ukweli hulowa. Jumatano alimpelekea chai. Alimkuta peke yake, amekaa, mguu ameunyoosha juu ya mto, uani kimya. Siku nzuri kuliko hiyo asingeipata.

"Dada, hivi yale magongo... uliviangalia vimo vyake?"

"Vimo?"

"Yalikuwa marefu kwa mafupi, au yote..."

"Wewe na vimo vyako!" Dada alipuliza chai. "Watu wanaona mkono wa Mungu, wewe unaona mbao. Au unaona wivu? Unaogopa tukipona wote utakosa wa kumchungulia kwapa?"

Ulikuwa utani, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini ulimchoma, na fundi akaupokea ule mchomo kwa mikono miwili, maana ulimpa ruhusa ya kunyamaza. Alichukua kikombe kitupu, akaondoka amenuna. Alinuna kwa raha. Hata njiani kurudi karakanani alijiona yeye ndiye aliyekosewa.

Jumapili alikwenda naye.

Ghala lilikuwa limejaa hadi milangoni, na sakafu bado ilinuka magunia. Fundi alikaa benchi la nyuma, akainua macho ukutani. Misumari ilikuwa imepigwa kwa mstari, na magongo yake yakining'inia hapo, na kule chini viatu vyote kumi na viwili vikaishia mstari mmoja, umenyooka kama ukingo wa meza. Alitazama huku na huku. Mamia ya watu walikuwa wakitazama ukuta ule ule, wengine machozi yakiwatoka, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza imekuwaje wagonjwa kumi na wawili wakatoshana kimo.

Nabii aliwaita wenye shida mbele. Dada akainuka. Fundi alijiambia: akifika kwenye nguzo, nasema. Dada akaipita nguzo. Akifika mbele, nasema. Dada akafika mbele, gauni lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, akampa shemasi gongo lake. Shemasi akalitundika kwenye msumari wa kumi na tatu.

Lilikuwa fupi kuliko mengine kwa kiganja kizima. Kati ya yote ukutani, hilo peke yake lilikuwa na mwenyewe.

Dada akapiga hatua. Watu wakaguna kwa mshangao. Akapiga ya pili, mikono yote miwili mbele, wazi, kama anayepokea mtoto. Ghala likalipuka kwa vigelegele. Akapiga ya tatu.

"Dada, simama!" Fundi alijikuta juu ya benchi. "Magongo hayo ni yangu! Nimeyachonga mimi, majuma haya haya mawili. Nimeyasugua kwenye ngazi yangu, nikayapaka chai. Hakuna mtu aliyewahi kuyatembelea! Viangalieni vimo! Watu kumi na wawili watakuwaje na kwapa moja? Ni kwapa langu!"

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni kichaa. Dada alisikia sauti ya mdogo wake. Akageuka amtazame, na katika kugeuka mwili wote ukaulalia mguu wa kushoto. Fundi aliisikia nyonga ikivunjika kabla hajamwona akianguka. Ilikuwa sauti ya mbao iliyooza kwa ndani.

"Alikuwa anatembea!" shemasi alipaza sauti, akiwa amepiga magoti kando yake. "Mmejionea wenyewe! Mashaka ya huyu ndiyo yamemwangusha!"

Wapo walioamini hivyo. Wachache walitoka na kutorudi, wengi walibaki. Na fundi, katika majuma matano aliyokaa kwenye kiti cha wadi akitazama uzito wa kunyoosha mfupa uliofungwa mguuni pa Dada, hakuweza kuapa kwamba shemasi alidanganya moja kwa moja. Maneno aliyoyasema juu ya benchi yalikuwa kweli tupu. Lakini yalikuwa maneno ya Jumatano, ya kusemwa uani, kwa upole, mtu akiwa amekaa na kikombe mkononi. Yeye akayatoa Jumapili, mtu akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa aliyechuma alikuwa mzima wa afya, na Dada ndiye aliyekula peke yake.

Alikwenda ghalani mara moja kuomba gongo. Kama si gongo, basi hata ule mto wa kwapa, kwa sababu ya kile kitambaa. Aliambiwa mlangoni kwamba kilichotolewa kwa Bwana hakirudishwi. Kupitia upenyo wa mlango aliona ukuta. Magongo yalikuwepo bado. Ila sasa yalikuwa yamekatwa kwa msumeno, mengine marefu, mengine mafupi.

Dada aliporudi nyumbani hakusema naye. Alisema kupitia bintiye, mama wa yule mtoto, hata wote watatu wakiwa chumba kimoja. "Mwambie mjomba wako hiyo redio aizime." "Mwambie uji aweke hapo." Fundi alizima redio, akaweka uji, akashukuru walau kutumwa.

Juma la pili akaingia na futi mkononi, kipande cha ubao kwapani na penseli sikioni. Binti alikuwa uani akianika nepi, mtoto amelala mgongoni kwake. Fundi akasimama karibu na kitanda.

"Daktari alikwambia nini?" Dada aliuliza.

Alimwuliza yeye, uso kwa uso. Fundi alikuwa na jibu tayari, alilolitengeneza njiani siku ile ile ya kutoka hospitali, zuri na laini, limepigwa msasa: tuombe tu, Dada, mfupa utashika. Lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Alisema utatembelea magongo mawili. Si moja tena. Maisha."

"Na mtoto?"

"Ukiwa umekaa, ndiyo. Kusimama naye, hapana, Dada. Haitawezekana."

Dada alitazama dirishani. Nje nepi zilikuwa zikitundikwa, moja baada ya nyingine.

"Jumatano ile," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniletea chai."

"Nikakuletea chai."

Hakumwambia amemsamehe, wala fundi hakuomba. Machozi yalimlenga na hakuyapangusa, maana mikono ilikuwa na futi. Binti akaingia, akawatazama, akachukua kapu la nguo, akatoka tena.

Ndipo Dada akainua mkono wa kulia, taratibu, macho bado dirishani. Fundi akapiga goti. Akapima kutoka kwapani hadi sakafuni, akarudia kupima, akaandika kwenye ubao kwa penseli. Akafuta, akaandika upya hadi namba ikasomeka.

Dada alishusha mkono ule. Kisha akainua wa pili.