Gauni la Mama Pasi

"Vua," mteja alisema. Alikuwa ameinama juu ya kaunta ya dobi, ameushika ukosi wa blauzi aliyovaa Mama Pasi. "Hii ni ya marehemu mama. Vifungo hivi nilivishona mimi kwa mkono wangu."

Mama Pasi hakubisha. Pale kwa dobi kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: nguo ikikaa miezi sita bila mwenyewe kuja, ni ya mpiga pasi. Ndivyo alivyojivika kwa miaka ishirini na mitatu. Sketi za watu waliohama, makoti ya watu walioachana, na kumbe hata blauzi za waliokufa. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Kuhusu cha kusahauliwa walinyamaza. Akaingia nyuma ya pazia, akaivua, akaipiga pasi kabla ya kuirudisha kwa sababu mikono yake haikujua kurudisha nguo kwa namna nyingine. Siku nzima alifanya kazi kwa shimizi na aproni, mvuke ukimchoma mabega, aibu ikimtafuna.

Wambea wana miguu. Habari zilimfikia binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi, kabla mama hajafika nyumbani.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Siku ya mahafali yangu usije na nguo ya mtu."

Aliyasema taratibu, bila jeuri. Ndiyo maana yaliuma.

Basi Mama Pasi akaamua kununua gauni, la kwanza la kujichagulia mwenyewe. Na hakutaka kununua ilimradi amenunua. Nguo za kukurupuka alizifahamu sana: zilimjia mezani zimevaliwa mara moja, kikaratasi cha bei bado kinaning'inia kwapani. Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi mchana, alipita madukani akitazama bila kugusa, mpaka wauzaji wakachoka kumkaribisha. Nyuma ya tikiti ya dobi aliandika anachokitaka. Lisibane kwapani. Lisichuje. Liwe na mfuko. Lisitake pasi ya moto sana. Alipofika kwenye rangi, kalamu ikagoma.

"Sasa wewe mama, unapenda rangi gani?" muuzaji mmoja mwenye kipara alimuuliza. "Niambie, nikusaidie. Au umekuja kuhesabu nguo zangu?"

Alijua rangi inayoonyesha jasho na inayofifia juani. Lakini anayoipenda? Ana miaka hamsini na miwili, na swali hilo halijawahi kumfikia. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za duka, akalia mchana kweupe, watu wakimruka miguu. Alililia jambo dogo, akajua ni dogo, na bado hakuweza kunyamaza.

Alirudi duka lile lile Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Siku moja mkono wake ukagota kwenye gauni la kijani kibichi kilichokolea, la mikono mirefu, lenye mfuko ubavuni. Hakuwa na sababu ya kulitaka. Alilipenda, basi. Jambo hilo lilimtisha, akalilipia haraka haraka kama mtu anayeiba.

Siku ya mahafali alifika getini mapema. Binti alimjia mbio, joho likipepea, uso umenawiri. Kisha akamtazama kuanzia ukosini hadi chini, na mbio zikaisha.

"Jamani, mama. Tulikubaliana nini?"

"Hili nimenunua. Dukani."

"Mama."

"Haki ya Mungu tena, mwanangu. Nimelichagua mwenyewe."

Binti akatabasamu, tabasamu la muuguzi kwa mgonjwa anayedai amepona. "Sikulaumu. Nilijua tu itakuwa hivi." Akatoa mfuko wa dukani chini ya joho. "Nimekununulia jipya kabisa. Nimejinyima muhula mzima. Ona, hata lebo yake hii hapa."

Lilikuwa la waridi, lenye maua makubwa kifuani. Mama Pasi aliitazama lebo, halafu mikono ya mwanawe, ilivyokonda. Angeweza kubishana. Angeweza kumburuta mpaka kwa yule mwenye kipara akashuhudie. Lakini mtoto alikuwa amelala njaa kwa ajili yake, na mtu halirudishi tumbo tupu la mwanawe.

"Asante, mama," alisema, kama mzazi anavyomwita bintiye anapompenda mno. "Limependeza."

Alibadilishia chooni. La waridi lilimbana kwapani. La kijani alilikunja kiufundi, mikono nyuma, ukosi juu, akalitia kwenye ule mfuko wa dukani.

"Mama, huo mfuko weka chini," mpiga picha alisema, walipopanga mstari mbele ya jengo.

Akauweka.

"Bado unaonekana."

Binti alikuwa amemkumbatia kiunoni, akicheka kwa furaha ya kweli. Mama Pasi aliusukuma mfuko kwa kisigino, kidogo, halafu kidogo tena, huku macho yake yakitazama mbele kama alivyoambiwa.

"Hapo hapo," mpiga picha akasema. "Sasa mama, tabasamu."