Nukta za Ngazi ya Tano

Saa saba na dakika ishirini mchana, Jumamosi, Willis Omolo alihesabu nukta kumi na tisa katika safu moja ya daftari lake. Alizihesabu tena. Zilibaki kumi na tisa.

Omolo alikuwa karani wa ratiba katika shirika la reli, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Kila Jumamosi alitembea kutoka Makongeni hadi mtaa wa Tena, nyumbani kwa Wavinya, kucheza mchezo aliokuwa ameutunga Wavinya kwa miaka mitatu: mchezo wa mezani, wa dadu na karatasi, ambamo kila mchezaji huigiza shujaa wake na kumpandisha kutoka ngazi ya kwanza hadi ya kumi. Kazi ya Omolo ilikuwa kupima kama aina za mashujaa, Mpiga Mkuki na wengine, zinalingana katika kila ngazi. Kitabu cha kanuni kilitakiwa kwa mpiga chapa saa kumi. Maonyesho ya vitabu yalikuwa Alhamisi, na nafasi nyingine mtamboni ni Februari. Ukurasa wa mwisho ulisema: Mizani imepimwa na W. Omolo.

"Mpiga Mkuki," alisema. "Ngazi ya tano. Hawezi."

Wavinya hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Mzee, daftari lako linasema amemaliza mapigano yote thelathini na mawili."

"Amemaliza. Kumi na tisa kati ya hayo amemaliza baada ya kufa."

Meza hiyo ilikuwa na desturi. Shujaa akifa, aliinuliwa na nusu ya uhai wake, kwa sababu mtu aliyetoka mbali hawezi kukalishwa atazame wenzake wakicheza. Kitabuni haikuwemo. Omolo, kwa mazoea ya kazini, alitia nukta kila ilipotumika, kisha akaandika "amemaliza".

"Kosa ni langu," alisema.

"Kumbe nimekuwa nikigawana mandazi na maiti," alisema Maingi, mchonga vinyago wa Komarock, ambaye shujaa wake alikuwa wa aina ya Mwita Radi.

Katika daftari hilohilo, Mwita Radi alikuwa amekufa mara nne katika kila mapigano kumi ya ngazi ya tano. Omolo aliandika juu ya ukurasa mpya: Mpiga Mkuki, vifo visizidi vinne kati ya kumi. Hakuna kuinua.

Walipigana mara kumi na chatu, adui wa majaribio wa ngazi hiyo. Mpiga Mkuki alikufa mara saba. Saa nane na nusu Wavinya alimwongezea ngao pointi mbili, na wakaanza upya. Saa tisa na dakika arobaini walikuwa wamemaliza mapigano tisa. Vifo vilikuwa vinne.

"Bado moja," alisema Wavinya.

"Ngoja," alisema Maingi. "Huyu mzee anacheza na karatasi ya majaribio. Anamtupa mbele ovyo. Angekuwa Nyangweso, shujaa wake mwenyewe, angekimbia mapema. Sema kama ni uongo."

Omolo alifikiri. Hoja ilikuwa sahihi. Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyofutwafutwa hadi ikawa laini kama kitambaa: Nyangweso, Mpiga Mkuki wa ngazi ya tano, shujaa wake wa miezi kumi na minne. Aliiweka mezani.

"Mzee, si lazima," alisema Wavinya.

"Tupa dadu ya chatu."

Nyangweso alipiga, akarudi nyuma, akajikinga. Omolo hakufanya pupa. Katika zamu ya sita chatu alibaki na uhai wa pointi tatu, Nyangweso mbili. Kutoroka kulihitaji kumi na moja au zaidi. Omolo aliitupa dadu ya pande ishirini. Iligonga sahani, ikazunguka, ikatulia. Tisa.

Wavinya alitupa ya chatu. Kumi na saba. Nyangweso alikufa.

Simu yake ilianza kulia: mpiga chapa. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na tano.

"Mzee ametoka Makongeni kwa miguu," Maingi alisema polepole. "Mwinueni tu. Nani atajua?"

Wavinya alimtazama Omolo. Simu ilinyamaza, ikalia tena.

"Ni kimoja tu kimezidi," alisema. "Mzee, nimengoja miaka mitatu."

"Najua. Kitabu ni chako, unaweza kukituma. Jina langu ulitoe."

Aliandika: Vifo, vitano. Hakutia nukta. Kisha akapiga mstari mmoja, kwa rula, juu ya jina la Nyangweso.

Wavinya aliutazama ule mstari, akapokea simu.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Hapana. Mpe mwingine hiyo nafasi."

Aliiweka simu kifudifudi. Saa tisa na dakika hamsini na nane alivuta kwake karatasi tupu ya Mpiga Mkuki na kufuta namba ya ngao.