Bunduki Isiyopiga Teke

Miaka thelathini bunduki ya baba mkwe imenitandika bega, kila Jumapili tukilenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani shambani. Kila nikifyatua nafumba macho, na mume wangu Verlyn ndiye huniambia kama nimepata. Mwaka huu bega limegoma. Jirani yetu Darlene akaniletea bunduki mbili zinazojipakia risasi zenyewe, ambazo husemwa hazipigi teke sana, nichague. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, na teke lake lilelile.

"Hii mpe adui yako!" nikafoka.

Ya pili, nzito kidogo, ilinisukuma taratibu kama paka anayetaka kupakatwa. Macho yakabaki wazi. Juu ya mahindi ya Nebraska kisahani cha rangi ya chungwa kilielea, kikashuka polepole kama usingizi, kikalala kwenye nyasi, kizima.

"Umekivunja, mama watoto!" Verlyn akashangilia nyuma yangu. "Wewe hukosi!"