Vigae Alivyovitupa

Visanduku tunavyotengeneza kiwandani hapa Suwa hutoa mawimbi ya redio, na kinachoyazuia mawimbi hayo yasiyumbe ni kigae cha kauri, kidogo kama kifungo cha shati. Asubuhi hiyo Mwalimu Kuwabara alikuwa ameshatupa vitatu.

"Takataka," alisema. "Siku hizi wanachoma kauri kama wanachoma mahindi."

Nikaweka cha nne kwenye kisanduku. Akashika bisibisi, akaanza kukaza skrubu ya kurekebishia. Kwenye skrini, mstari unaoonyesha mawimbi ukayumba vilevile.

"Lete kingine, Sayoko. Au na wewe umeshazeeka?"

"Mwalimu, hebu niachie kidogo."

Aliniachia kwa kununa. Niliposhika bisibisi tu, mstari ukatulia, ukanyooka kama uzi wa mwashi. Nilitamani uyumbe.

Aliutazama mstari, kisha akautazama mkono wake wa kulia pale mezani. Ulikuwa unatetemeka. Akaufunika kwa wa kushoto.

Mwishowe aliinama, akaviokota vigae vyake kwenye pipa, akavipangusa kimoja kimoja.

"Andika vyote ni vizima," alisema, wala hakuniomba nimrudishie bisibisi.