Sauti Isiyoandikwa

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya kiangazi, muda wa mjadala ulipokwisha katika bunge la London, karani alianza kusoma majina ya miswada iliyobaki. Usipopingwa, mswada unasonga mbele; mtu mmoja akisema "Napinga", umezikwa, na jina la aliyepinga haliandikwi popote. Kazi hiyo chafu ya kuzika miswada isiyoitaka, serikali ilimpa mbunge wake Desmond.

Uliposomwa mswada wa wanaouguza wazazi nyumbani, ulioletwa na rafiki yake Philippa, mbunge mwenzake, Desmond aliinamisha kichwa.

"Napinga."

Baadaye walikutana mkahawani.

"Pole, Pippa," Desmond alisema. "Sijui ni nani yule mwenye roho mbaya."

Philippa akamsogezea chai. "Kunywa, Des. Miaka yote unaimba nyuma yangu kwenye kwaya ya kanisani, leo nisiijue sauti yako?"